Unene Tuliouita Siha

Ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa karani bandarini Malindi. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye mwandiko mzuri, na kila Ijumaa baada ya sala alipitia nyumbani kwetu Mkunazini na kashata za nazi ndani ya kipande cha gazeti. Mwaka 1979, akiwa na umri wa miaka 34, alianza kusikia sauti ambazo sisi wengine hatukuzisikia. Kwanza alisema makuli wa bandarini wanamteta. Halafu akasema redio inamtaja kwa jina. Mwisho akaacha kwenda kazini, akawa anashinda ghorofani na madirisha yamefungwa, hali wala halali.

Bibi yetu alifanya lile ambalo wazee wa mji wetu wamelifanya tangu zamani. Alimwita mwalimu wa chuoni, akaandika aya kwa wino wa zafarani katika sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa marashi ya mawaridi, na Ami akanyweshwa kombe hilo asubuhi na jioni. Jirani mmoja alishauri apelekwe kwenye ngoma ya kibuki, Bibi akakataa. Siandiki haya kwa kuyadharau. Juli McGruder, mtafiti wa Kimarekani aliyezichunguza familia za Unguja zenye wagonjwa wa namna hii, na aliyemaliza tasnifu yake mwaka 1999, alieleza kwa heshima jinsi desturi kama hiyo ya kombe ilivyomweka mgonjwa ndani ya jamaa zake badala ya kumtenga. Hivyo ndivyo nilivyoona kwetu. Kombe halikuzinyamazisha zile sauti, lakini lilimpa Bibi jambo la kufanya, na lilimpa Ami mkono wa mama yake juu ya kichwa chake mara mbili kwa siku.

Mwaka 1981 alianzishwa vidonge vya Largactil. Wiki za mwanzo alilala mno, na alipoamka ulimi ulikuwa mzito na mate yakimtoka. Lakini baada ya mwezi mmoja hivi, asubuhi moja, alishuka ngazi mwenyewe, akakaa barazani, akaitikia salamu za wapita njia, akamwambia Bibi kuwa ana njaa. Bibi alilia kwa furaha. Naam, msomaji, hayo nilishuhudia kwa macho yangu, na kila nitakalosema baadaye kuhusu dawa hii lisomwe pamoja na asubuhi hiyo.

Tangu siku hiyo Ami alikula. Alikula boflo zima na chai ya maziwa yenye sukari vijiko vinne, na saa mbili baadaye akauliza kama kuna muhogo. Alikula wali mchana, akafuta sahani, akatazama sahani za watoto. Usiku tulimkuta jikoni akila ukoko kwenye sufuria. Kanzu zake zilitanuliwa na fundi mara mbili, halafu zikashonwa mpya. Shingo iliyokuwa kama ya korongo ikajaa. Majirani walikuja kumtazama wakasema, "Mashaallah, amenawiri." Shangazi alisema kuwa sasa amekuwa na siha ya mtu mwenye mke. Bibi alichoma udi na ubani kila magharibi, akiogopa hasadi isimpate mwanawe kwa unene ule.

Miaka mingi nilifundisha historia skuli, nikiwafundisha watoto wa watu habari za masultani, mapinduzi na mikataba. Historia ya kidonge kilichokuwa mezani kwetu sikuijua. Niliitafuta baada ya Ami kufariki, na ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, kwa sababu ndani yake nilimkuta Shangazi yangu katika sura ya madaktari wa Ulaya.

Kabla ya miaka ya 1950 hapakuwa na dawa ya kuzinyamazisha sauti. Mwenye wazimu mkali alifungiwa. Nairobi ilikuwa na Mathari tangu 1910, na Dodoma ikaja kuwa na Mirembe. Hizo zilikuwa nyumba za kuweka watu zaidi kuliko nyumba za kuponya. Ulaya walijaribu mengi. Mwaka 1933 huko Vienna, daktari Manfred Sakel alianza kuwatangazia wenzake tiba ya kuwapiga wagonjwa wa akili sindano za insulini nyingi mpaka sukari ya damu ikashuka na mgonjwa akazimia, kisha kumwamsha kwa sukari. Wengine hawakuamka. Waliopona hatari ile mara nyingi walinenepa, na unene huo ulihesabiwa miongoni mwa dalili njema.

Mwisho wa mwaka 1950 mkemia Paul Charpentier wa kampuni ya Kifaransa ya Rhône-Poulenc alitengeneza klopromazini. Henri Laborit, daktari mpasuaji wa jeshi la majini, aliitaka kwa ajili ya kuwatuliza wagonjwa wa upasuaji, akaona kuwa mtu aliyepewa hubaki macho lakini hajali tena yanayomzunguka. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris, Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa wagonjwa wa akili dawa hiyo, na wodi zilizojaa makelele zikatulia. Kampuni ikaiita Largactil, jina lililounganishwa kutokana na maneno ya "kutenda kwa upana", kwa kuwa iligusa mambo mengi mwilini kwa pamoja. Jina lilikuwa la kweli kuliko waliolitunga walivyodhani.

Kwani hazikupita hata siku nyingi. Katikati ya miaka ya 1950 palikuwa na madaktari waliokwisha kuandika kuwa klopromazini hubadili namna mwili unavyoitumia sukari. Kabla ya muongo huo kwisha palikuwa na maandishi juu ya wagonjwa kunenepa. Miaka ya 1960 wengine walifika hata kulipa jambo jina, wakasema "kisukari cha fenothiazini", kwa kulifuata jina la ukoo wa dawa hizo. Kwa hiyo Ami alipomeza kidonge chake cha kwanza mwaka 1981, habari hiyo ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 20.

Kwa nini basi haikutufikia? Sababu mojawapo ni kwamba madaktari wengi walifanya kama Shangazi: walimtazama mtu aliyekuwa mifupa mitupu, sasa ana mashavu, wakahesabu kuwa anapona. Sababu ya pili ni kuwa dawa zile zilikuwa na madhara mengine yaliyoonekana kwa haraka. Mikono ilitetemeka, shingo ilikakamaa, ulimi ulitoka wenyewe mdomoni. Mtu anayetetemeka humwona ukiwa ng'ambo ya barabara. Sukari iliyopanda huioni. Sababu ya tatu ni nzito zaidi, nayo ni kuwa mwendawazimu aliyetulia alihesabiwa kuwa kazi iliyokwisha. Akishakuwa kimya, nani tena alimwuliza juu ya miguu yake, macho yake au kiu yake?

Ni haki pia kusema kuwa dawa haibebi lawama zote. Katika karne ya 17 daktari Mwingereza Thomas Willis aliandika kuwa kisukari hutokana na huzuni ya muda mrefu, na mwaka 1879 Henry Maudsley, naye Mwingereza, alisema kisukari huonekana mara nyingi katika familia zenye wazimu. Wote wawili waliandika zamani kabla ya Largactil kuwako. Mgonjwa wa akili mara nyingi hukaa sana, huvuta sigara, hulala vibaya, na hula kile cha rahisi kinachopatikana. Lakini juu ya mzigo huo dawa huongeza wake, na mzigo wa dawa ndio ambao mtu mwingine amemtwika mgonjwa.

Jinsi unavyoongezeka, nimeuelewa hivi. Ubongo hupeleka habari kwa kemikali, na kila kemikali ina mlango wake wa kupokelewa. Dawa hizi hufunga mlango wa dopamini, na hapo ndipo sauti hupungua. Lakini nyingi kati yake hufunga pia milango ya histamini na ya serotonini, ambayo ndiyo humwambia mtu kuwa ameshiba. Mlango huo ukifungwa, mtu hula na shibe haimfikii. Mafuta hujikusanya tumboni. Mwili huacha kuitii insulini. Sukari na mafuta hupanda katika damu. Na kwa baadhi ya watu sukari huharibika hata kabla unene haujawa mkubwa. Dawa hazilingani. Haloperidoli, iliyotengenezwa na maabara ya Paul Janssen wa Ubelgiji mwaka 1958, hunenepesha kidogo kuliko klopromazini, ingawa hutetemesha zaidi. Klozapini na olanzapini ndizo zinazonenepesha kupita zote.

Hiyo olanzapini iliruhusiwa Marekani mwaka 1996 na ikapokewa kwa shangwe, maana haikutetemesha watu kama za zamani. Mikono ilipotulia ndipo matumbo yakaonekana. Mwaka 2003 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwataka watengenezaji wa dawa zote mpya za aina hii waandike onyo la kisukari. Mwaka 2004 vyama vya wataalamu wa kisukari na wa maradhi ya akili vya nchi hiyo vilikubaliana kuwa mgonjwa apimwe uzito, kiuno, shinikizo la damu, sukari na mafuta kabla ya kuanza. Uzito upimwe tena baada ya wiki 4, 8 na 12, kisha kila miezi mitatu. Na sukari irudiwe baada ya wiki 12, kisha kila mwaka. Mwaka uliofuata ukatoka utafiti mkubwa wa Marekani wa wagonjwa karibu 1,500: kati ya waliopewa olanzapini, watu 30 katika kila 100 waliongezeka uzito kwa zaidi ya asilimia 7.

Nilipousoma utaratibu huo wa 2004 niliuweka chini, nikatoka nje nikakaa barazani. Ulihitaji nini? Mizani, utepe wa fundi cherehani, na tone la damu.

Ami alianza kuona kiu mwaka 1988. Alikunywa mtungi mzima usiku, akawa anaamka kwenda chooni mara nne, mara tano. Shangazi ndiye aliyewaona sisimizi. Walijipanga kutoka ufa wa ukuta mpaka mahali Ami alipokojoa, na yeye akamwaga maji ya moto, na kesho yake wakarudi. Sisi tulilaumu nyumba yetu kuwa ni kuukuu. Waganga wa Bara Hindi walikuwa wameitambua dalili hiyo tangu kale, sisimizi kuufuata mkojo wa mgonjwa, na sisi tulioishi mlango kwa mlango na Wahindi hatukuwa na mtu wa kutuambia. Mwaka uliofuata alichomwa mguuni na kipande cha chuma, kidonda kikakataa kufunga, na ndipo alipopimwa. Sukari ilikuwa juu sana.

Sasa ndiyo lawama yetu, nami naiandika kwa jina langu. Mtu mmoja alituambia kuwa huenda vidonge vina mkono katika jambo hili. Tukashauriana sisi wenyewe, jamaa wa nyumbani, wala hatukumwuliza daktari. Mimi ndiye niliyekuwa msomi wa nyumba, na mimi ndiye niliyesema, "Basi tuviache." Tuliviacha Rajabu, kabla ya Ramadhani kuingia sauti zilikuwa zimerudi zote. Alfajiri moja mvuvi alimkuta Ami amesimama baharini mbele ya Forodhani, maji yamemfika kifuani, akibishana na mtu asiyeonekana. Kisukari hakikuondoka, kwa sababu mwili ulikuwa umekwisha haribika. Tulichokiondoa ni akili yake. Alirudishwa kwenye dawa, lakini hakurudi kuwa yule wa barazani. Mwaka 1994 mguu ulikatwa chini ya goti. Mwaka 1997 alifariki, akiwa na umri wa miaka 52.

Shirika la Afya Duniani linasema kuwa watu wenye maradhi makali ya akili hufariki miaka 10 mpaka 20 kabla ya wenzao, na wengi wao huuawa na maradhi ya mwili yanayoweza kuzuilika. Zamani ningedhani takwimu hiyo inamhukumu daktari atoaye dawa. Lakini mwaka 2009 ulitoka utafiti wa Finland uliowafuata wagonjwa 66,881 kwa miaka 11, nao ulionyesha kuwa waliotumia dawa kwa muda mrefu walifariki wachache kuliko wale wasiotumia dawa yoyote, na waliotumia klozapini, ileile inayonenepesha mno, walifariki wachache kuliko wote. Nimelirudia jambo hilo mara nyingi kichwani. Kumbe yale niliyoyasema 1989 yalikuwa kosa mara mbili: sikumpima Ami alipokuwa akinenepa, na nilimnyang'anya dawa alipokwisha kunenepa.

Sasa niseme habari ya pili, kwa idhini ya mwenyewe. Mwaka 2021 mpwa wangu, binti wa dada yangu, akiwa mwanafunzi wa chuo, aliingia maradhi yaleyale. Siku hizi mambo yamebadilika hapa kisiwani. Pamoja na Kidongo Chekundu, ambayo watu walizoea kuitaja kwa mzaha wasijue wanamtukana nani, zimekuwapo kliniki za afya ya akili hata Makunduchi huko kusini na Kivunge huko kaskazini, na mgonjwa anaweza kutibiwa akilala kwao. Binti alianzishwa olanzapini. Sauti zilinyamaza baada ya wiki tatu. Alikuwa na kilo 58. Baada ya miezi saba alikuwa na kilo 69.

Siku moja alinijia akasema, "Mjomba, nguo zangu hazinienei, na kila anionaye ananiuliza harusi lini. Wananisifu, na mimi kila usiku nalala na njaa. Dawa hii naiacha."

Nilimweleza habari ya Ami yote, hata ile ya Forodhani, ambayo mama yake hakupata kuihadithia. Sikumwambia aendelee wala aache. Nilimwambia twende kwa daktari sote wawili, na lile neno lake la "nalala na njaa" alitamke huko kama alivyolitamka kwangu. Daktari alimsikiliza. Alimpima sukari, ikawa imeanza kupanda ingawa haijafika kisukari. Alimbadilishia dawa taratibu, ya zamani ikipungua huku mpya ikiongezwa, akamwongezea na metformini. Dawa hiyo nayo ina historia: ilianza kutumiwa kwa kisukari mwaka 1957 na Mfaransa Jean Sterne, huko huko Paris, miaka mitano tu baada ya Largactil. Tatizo na mojawapo ya matibabu yake yametoka mji mmoja, katika miaka ileile, na ilichukua karibu nusu karne kukutanishwa.

Watu wa Unguja na Pemba tumeishi kwa vipimo. Mchuma karafuu hulipwa kwa pishi, na gunia lake likifika kituoni hupimwa kilo mbele ya macho yake, na akiibiwa nusu kilo atapiga kelele mpaka mudiri aje. Pweza wa Darajani hupimwa. Dhahabu ya mwali hupimwa. Ami aliongezeka mbele yetu kwa miaka saba, na hakuna aliyempima, kwa kuwa tulikuwa tumekwisha lipa unene wake jina zuri.

Kwa hiyo, msomaji, ikiwa nyumbani kwako yuko anayemeza dawa hizi, usimwachishe, na wala usimsifu kwa kunenepa. Uliza uzito wake ulikuwa kiasi gani alipoanza. Uliza sukari yake ilipimwa lini. Akikwambia ana kiu, mwamini, hata kama jana alikwambia redio inamsema.

Binti huja kwangu Ijumaa asubuhi. Mizani nimeiweka chini ya ngazi, ileile aliyoishuka Ami. Hupanda, husoma mwenyewe, huandika katika daftari lake wala hanionyeshi mpaka atake. Juzi alinionyesha: kilo 63. Halafu tukanywa chai, yeye bila ya sukari, mimi na kijiko kimoja, maana nami nina umri sasa na ukoo wetu ndio huo. Mola amrehemu Ami, na atusamehe sisi tuliompenda bila ya kumtazama vizuri.